Ufunguo wa Kabati la Chumba cha Chini

3 Februari

Mjomba,

Niwie radhi, leo natanguliza habari mbele ya salamu. Mkuu wa maktaba ametutangazia saa tatu asubuhi kwamba mfumo mpya wa kutafuta utafunguliwa Jumatatu tarehe 2 Machi. Kuanzia siku hiyo mtu yeyote mwenye simu, awe mwanafunzi wetu au mpita njia, ataandika neno lolote na kuonyeshwa kila tasnifu yenye neno hilo, mpaka ukurasa lilipo. Kufikia jana jioni tumeskani tasnifu 6,191. Msimamizi wa kazi hii ni mimi, na mkuu alilisema hilo ukumbini mbele ya watu wote, kwa kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma.

Sasa shikamoo. Natumaini wewe na mkazamjomba hamjambo, na goti lake limetulia. Mimi mzima, ila macho yanawasha kwa vumbi la makaratasi yenu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Simuni unaniambia "sawa, sawa" kisha unamkabidhi mkazamjomba. Halafu nataka jibu la maandishi.

Swali ni hili. Kadi za katalogi ulizoandika miaka thelathini na minne, ndani ya chumba hikihiki ninachokaa, zitaondolewa. Tumepiga picha upande wa mbele wa kila kadi. Nyuma hatujagusa. Nimeona baadhi zina maandishi ya penseli, na mwandiko ni wako. Kuskani nyuma kutaongeza wiki tatu, na mkuu hataki kusikia habari ya wiki tatu. Je, nyuma kuna kitu ambacho mbele hakipo? Ajuaye ni wewe. Hapa bado unaitwa Penseli, hata na watu ambao hawajawahi kukuona.

Mpwa wako


11 Februari

Kwa mpwa wangu, Bibi Skana,

Marahaba. Barua ilifika Jumatatu, imekunjwa vibaya, kwa hiyo najua uliikunja mwenyewe.

Sisi wazima. Goti la mkazamjomba wako linatabiri mvua, na mwezi huu limeishinda redio mara tatu. Bado anakwenda zahanati kila Alhamisi kupima uzito wa watoto, ingawa alistaafu uuguzi miaka saba iliyopita na hakuna aliyemwomba. Alhamisi iliyopita mama mmoja alimfunika mwanawe ili vipele visionekane. Mkazamjomba wako akamwambia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Fungua nguo tuone." Foleni nzima ikacheka, na yule mama naye.

Nimefurahi kwa habari ya ukumbini. Mimi nilikaa chumba hicho miaka yote hiyo na jina langu halikupita kwenye kipaza sauti, hata kinachokoroma.

Kuhusu kadi, nyuma ni uchafu wa penseli tu. Hesabu za rafu, zamu za watu, namba za simu za waliokwisha kuhama. Usipoteze wiki tatu. Ziache ziende.

Nami nina swali. Mnaskani vilivyo rafuni peke yake, au na vya chumba cha chini?

Mjomba wako


19 Februari

Mjomba, shikamoo,

Hatujambo huku. Barua yako nilimsomea mkuu, kile kipande cha kadi, na alifurahi mpaka akaniletea chai mwenyewe. Lori la kiwanda cha karatasi lilikuja jana saa nne. Droo mia mbili na arobaini zilishushwa kwa dakika hamsini. Nilisimama mlangoni nikaangalia. Nilidhani ningeona huzuni kidogo kwa niaba yako, lakini nilichokiona zaidi ni nafasi. Tutaweka meza nane za kusomea.

Ndiyo, na vya chumba cha chini. Na huko kuna la kukuchekesha. Nyuma ya bomba la maji tumekuta kabati la chuma la kijani, limefungwa, na hakuna ofisi inayojua ufunguo uko wapi. Nikamwita fundi wa vyuma, akakata kufuli kwa dakika ishirini. Ndani mlikuwa na tasnifu 23, kavu kabisa, hazina hata ukungu. Nikaangalia daftari la makabidhiano kuona kama yoyote ina masharti. Hakuna hata moja. Tumeziskani zote kwa siku mbili, na sasa tuna 6,214. Mkuu ameiweka namba hiyo kwenye bango la langoni.

Ulikuwa unalijua kabati hilo? Fundi wa seva anasema lazima ndimo ulimoficha sukari.

Msalimie mkazamjomba. Mwambie nikipata likizo nakuja anipime uzito.

Mpwa wako


6 Aprili

Mjomba, shikamoo,

Hii ni barua ya pili bila jibu. Najua posta si ya kulaumiwa, maana bili zenu za maji zinafika.

Mimi sijambo. Mfumo ulifunguliwa kwa wakati. Mwezi wa kwanza watu 41,000 wametafuta. Kuna fundi bomba aliyekuja hapa na karatasi mkononi kwa sababu amekuta tasnifu inayomtaja babu yake; alitaka kuona kitabu chenyewe, akakishika, akakirudisha, akaenda zake. Siku hiyo nilijiona nina kazi ya maana.

Lakini mama ameniambia jambo. Anasema mkazamjomba yuko kwa dada yake tangu Alhamisi jioni, na amekwenda na begi kubwa. Anasema ametuma ujumbe zahanati kwamba Alhamisi hii hatakuja, yeye ambaye alikwenda hata siku ya mafuriko. Nilikupigia Ijumaa. Ulisema uko kwenye foleni benki. Nyuma yako nilisikia saa ya ukutani ya sebuleni kwenu ikigonga.

Niambie kuna nini.

Mpwa wako


17 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Salamu nyingine nazikata, na unajua kwa nini.

Jumanne mkuu aliniita na kunipa barua ya malalamiko. Mwandishi wake ni mpima ardhi wa mji wenu, ana miaka thelathini na saba. Ameandika kwa utulivu, aya zenye namba. Mwezi Machi alikuwa anatafuta hati za marehemu mama yake. Akaandika jina lake la ukoo na jina la hospitali kwenye simu. Jibu la kwanza lilikuwa sisi. Lilimpeleka moja kwa moja ukurasa wa 188 wa tasnifu ya miaka ishirini na tisa iliyopita, kuhusu makosa ya kutoa dawa wodini. Anauliza swali moja: kwa nini maktaba ilijua mama yake alivyokufa na yeye hakujua?

Niliifungua tasnifu hiyo nikiwa nimesimama. Ni mojawapo ya zile 23. Wauguzi kumi na mmoja wanasimulia makosa yao, na majina yao yamefichwa, wanaitwa kwa namba. Dibaji inasema waliahidiwa kwamba kazi hii isingesomwa na mtu kabla ya miaka arobaini. Nakiri kwamba nilipoiskani sikuisoma dibaji. Nilihesabu kurasa.

Ukurasa wa 188 uko kwenye kiambatisho. Ni nakala ya kitabu cha zamu, na hapo mtafiti alisahau kufuta. Jina la mgonjwa wa kitanda cha 12 lipo, sindano iliyokuwa ya kitanda cha 14 ipo, na chini ipo sahihi ya Muuguzi wa Saba. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Sahihi hiyo iko kwenye ripoti zangu nne za sekondari, miaka niliyokaa kwenu.

Saa hiyohiyo nilizifunga zote 6,214. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamelalamika, wana haki. Fundi wa seva ameziandikia kampuni za utafutaji zifute nakala zao. Tasnifu hiyo imepakuliwa mara kumi na tisa. Hao kumi na tisa siwezi kuwafuata.

Kuna lingine. Lori halikuchukua kadi zote. Watu wa dawati la kuazima walijiwekea kadi mia tatu wawe wanaandikia namba za rafu. Juzi nilizichukua na kugeuza moja moja. Mia moja na kumi na mbili zina penseli nyuma. Sikuona namba ya simu hata moja. Nimesoma "mwandishi aliomba picha ya uk. 31 isionyeshwe, mjane bado hai." Nimesoma "asipewe mtu bila kuuliza ukoo." Nimesoma "hii iko kabatini, ufunguo ninao."

Kikao cha uchunguzi ni Jumatano tarehe 20 Mei. Mkuu anataka taarifa iseme hitilafu ya mfumo. Barua yako ya tarehe 11 Februari iko kwenye droo yangu. Sijamwonyesha mtu baada ya siku ile niliyomsomea mkuu. Ikisomwa tena, mimi nitaonekana niliuliza na wewe utaonekana ulidanganya. Sitaitoa bila wewe kusema. Lakini nataka kujua, na nataka kwa maandishi: ulijua?

Mpwa wako


2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeianza barua hii mara tano. Hii ya sasa nitaituma hata ikiwa mbaya.

Nilijua.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana ndiyo kazi pekee niliyoijua maishani. Tasnifu ile ililetwa na mtafiti mwenyewe. Alimwomba mkuu wa wakati huo aifunge miaka arobaini. Mkuu akasema chuo hakifungi kazi ya mtu, anayetaka siri asiandike. Mtafiti alitoka ofisini akalia kwenye ngazi. Mimi ndiye niliyekuwa napita na toroli la vitabu. Nikamwambia ailete kwangu. Nikaandika kadi, nyuma nikaandika ahadi kwa penseli, tasnifu nikaitia kabatini na kufunga. Baada ya hapo wengine walisikia, wakaja na zao. Zikawa 23. Hakuna daftari lililojua, kwa sababu daftari lilikuwa la mkuu.

Mpangaji wa katalogi lazima afungue kitabu mpaka mwisho, ahesabu viambatisho. Nilifika ukurasa wa 188. Nilikuwa mume wake mwaka wa sita.

Sikumwambia kwamba nimeona. Nilijiambia namsitiri. Miaka ishirini na tisa tumekula meza moja, yeye akidhani sijui kwa nini Jumapili mchana hapendi kuulizwa kitu. Kwa hiyo ulipouliza kuhusu nyuma ya kadi niliogopa utasoma ile moja. Nikakwambia ni uchafu. Nilifikiri kadi zikienda na ufunguo ninao mimi, mambo yamekwisha. Ufunguo uko hapa mezani ninapoandika. Nilistaafu nao mfukoni.

Barua yako ya kabati ilinifikia tarehe 23 Februari. Niliisoma nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, na kinyozi akaniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa na siku saba kabla hamjafungua. Simu ilikuwa mfukoni. Ningesema neno moja, ungeitoa. Lakini ungeuliza kwa nini, na ningelazimika kusema kwa nini. Nikasema kesho. Nikasema nani atatafuta kitu kama hicho. Siku saba zikaisha, halafu Machi nzima ikaisha.

Mpima ardhi alikuja Alhamisi tarehe 2 Aprili, saa nane mchana. Mkazamjomba wako ndiyo kwanza ametoka zahanati, hajavua viatu. Mtu mrefu, folda ya plastiki kwapani; zahanati ndiko walikomtambulia sahihi na kumwelekeza kwetu. Alisalimia vizuri, akakaribishwa, akakaa kiti cha karibu na mlango. Akatoa karatasi mbili, akaziweka mezani zikimwelekea mkazamjomba wako, kama mtu anayeonyesha ramani ya kiwanja. Akasema mama yake alipokufa yeye alikuwa na miaka minne, na waliambiwa moyo ulisimama. Akauliza kama sahihi ni yake.

Mkazamjomba wako akatazama. Akasema ni yangu, mwanangu.

Mgeni hakupiga kelele. Aliuliza maswali manne, nayo yakajibiwa. Aliambiwa kwamba siku hiyo muuguzi alikuwa peke yake na wagonjwa arobaini na mmoja, lakini kwamba hiyo ni hesabu, si sababu. Aliambiwa kwamba kesho yake muuguzi alikwenda kusema, na mkubwa wake akamwamuru asiandike kitu na asimwone mtu wa familia. Aliomba maji, akanywa, akaondoka. Karatasi aliziacha.

Mlango ulipofungwa mkazamjomba wako alinigeukia. Akasema, "Hujauliza ni karatasi za nini."

Ni kweli. Mtu amekuja nyumbani kwangu na karatasi, mke wangu anajibu kama yuko kizimbani, na mimi sijauliza. Akaniuliza umejua tangu lini, nikasema. Akaniuliza kama nilijua zinafunguliwa, nikasema tarehe. Akahesabu kwa vidole, polepole, kama anavyohesabu mapigo. Zilikuwa siku thelathini na nane. Akasema, "Ningepewa siku saba tu, ningekwenda kwake kwa miguu yangu. Wewe umeniacha nifumwe nyumbani kama mwizi." Saa kumi na moja alikuwa ameondoka.

Hilo ndilo sikutaka kukuandikia. Kosa lake la wodini alilisema mwenyewe, mara mbili, wakati hakuna aliyemlazimisha. Mimi sijawahi kusema langu hata mara moja kabla ya kuulizwa. Kinachoniinamisha kichwa ni hicho, na majirani hawakijui. Wananisalimia tu kama kawaida, nami napita ng'ambo ya barabara.

Itoe barua ya Februari. Iweke na hii.

Mjomba wako


8 Mei

Mjomba, shikamoo,

Nimesoma mara mbili. Sitasema si kitu, maana utajua naongopa.

Nitasema langu, kwa sababu taarifa niliyoandika haiwezi kuwa na lako peke yake. Nilizigeuza kadi kadhaa Januari, kabla sijakuandikia. Ile ya mjane niliiona wakati huo. Nikaisoma, nikairudisha, halafu nikakuuliza wewe swali huku nikijua jibu ninalolitaka. Ulinipa lilelile. Ungejibu vingine ningekasirika. Na kabati lililofungwa mbele ya mkutubi ni maelezo tosha. Mtu alilifunga kwa sababu. Mimi nikamwita fundi wa vyuma, kisha nikakufanyia utani wa sukari, kisha nikaitia namba kwenye bango.

Mkuu amesoma rasimu. Ameuliza kama nina uhakika sitaki yale maneno ya hitilafu ya mfumo. Nikamwambia mfumo ulifanya sawasawa tulichouambia. Akaniuliza tena kama najua maana yake kwa kazi yangu. Najua. Kuanzia Juni wadhifa wa usimamizi unaweza kwenda kwa mwingine, na sijaomba vinginevyo.

Haya yamekwisha fanyika. Kila tasnifu ina nafasi mpya ya masharti, na haiwezi kuwekwa wazi nafasi hiyo ikiwa tupu. Anayeijaza anatia jina lake. Kadi zile mia tatu zimeskaniwa pande zote mbili. Kwa nyingine, ambazo zimekwisha kuwa karatasi mpya mahali fulani, tunaandikia waandishi mmoja mmoja. Zile 23 zimerudi kabatini, kufuli jipya, na sababu ya kila moja inahitaji kuandikwa na mtu anayeikumbuka. Mtu huyo ni mmoja tu.

Mpima ardhi amealikwa tarehe 20. Amejibu kwamba atakuja, na kwamba hataki kuombwa radhi na ofisi.

Kwa mkazamjomba nimeandika barua peke yake. Sikumwomba arudi nyumbani, hilo si langu. Nimemweleza nilichofanya, kwa mpangilio. Sijui kama ataifungua.

Mpwa wako


13 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Aliifungua.

Alikuja jana saa nne asubuhi, akagonga kama mgeni. Sikujua niseme karibu au niseme nini, nikasogea tu. Alikuwa amefuata mizani yake ya zahanati, ile ya kuning'iniza. Akaitoa kabatini, akaifuta vumbi, kisha akakaa. Barua yako ilikuwa mkobani, imekunjwa vibaya.

Alisema wewe umeandika kama ripoti ya wodini, na kwamba hiyo ni sifa. Kwangu hakusema mengi. Nilianza kuomba msamaha, akainua mkono, akaniambia nisiharakishe, nilikawia miaka ishirini na tisa, siku chache zaidi hazitaniua. Nilicheka. Yeye hakucheka, lakini aliangalia pembeni, na mimi namjua anapoangalia pembeni.

Ameonana na mpima ardhi. Alikwenda mwenyewe, Ijumaa iliyopita, ofisini kwake, akasubiri kwenye benchi na watu wa viwanja mpaka zamu yake ikafika. Walichozungumza hajaniambia. Amesema tu kwamba yule bwana alimuuliza mama yake alikuwa anaongea nini siku ya mwisho, na yeye alikumbuka, kwa hiyo akamwambia.

Kuhusu tasnifu, ameamua hivi, na ameniamuru nikuandikie. Ukurasa wa 188 ufungwe mpaka mpima ardhi mwenyewe aseme, kwa sababu jina lililo pale si la muuguzi bali ni la mama yake. Maelezo ya Muuguzi wa Saba yaachwe wazi. Anasema kuna wasichana wanaanza kazi wodini mwaka huu na watakuwa peke yao Jumapili mchana. Wale wengine kumi waulizwe wenyewe, walio hai.

Jana amelala kwa dada yake, na leo atalala hukohuko. Mizani amekwenda nayo, kesho ni Alhamisi.

Jumatano tarehe 20 tutapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, tiketi mbili, viti visivyokaribiana, alivichagua yeye. Tutafika hapo saa nne na robo. Kikao ni saa tano. Amesema atazungumza wa kwanza, kisha mpima ardhi akitaka, kisha wewe, na mimi wa mwisho. Nitakuja na ufunguo. Hauingii tena kwenye kufuli lolote, lakini andaa hati ya makabidhiano, niitie sahihi kwa wino.

Mjomba wako